Kabla ya kuandika majina ya waliohama, mkalimani wa mashini apimwe

MPALA (Kalemie) – Siku ya mgawo mama anaamka alfajiri, anafunga mtoto mgongoni, anasimama kwenye mstari mpaka jua linakuwa kali. Zamu yake ikifika, ajenti anatazama kioo cha ordinatere, anabonyeza, anabonyeza tena, kisha anasema: «Mashini imekataa.» Jina halionekani kwenye listi. Mama anaambiwa arudi juma lijalo. Anarudi bila unga na bila jetoni, na hakuna anayemweleza mashini imekataa nini, wala kwa amri ya nani.

Kila mtu aliyewahi kuishi kwa kutegemea listi analijua neno hilo. Wanalijua waliotoroka mapigano ya 2016 na 2017 katika jimbo la Tanganyika, yaliyohamisha watu kwa mamia ya maelfu. Wanalijua pia waliofukuzwa na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024. Wamelizoea kama wanavyozoea mvua, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mvua haina mwenyewe, lakini mashini inaye. Kuna mtu aliyechagua programu, mtu aliyechagua kinachoendesha programu hiyo, na mtu ambaye alipaswa kuipima akaiacha bila kupimwa. Mashini haina kinywa cha kukataa. Wanaokataa ni watu, tena mara nyingi kwa uvivu tu.

Swali ambalo kamati za wahamaji haziulizi ni hili: programu inayochunga majina yao inasimama juu ya nini, na nani ameijaribu?

Mtu wa katikati

Programu nyingi za maofisi zimeandikwa kwa lugha iitwayo Java. Ordinatere yenyewe haielewi Java, kama ajenti aliyetoka Kinshasa asivyoelewa Kitabwa. Sherti pawe na mtu katikati. Ndani ya mashini, mtu huyo ni programu nyingine inayosoma maneno ya Java na kuyageuza kuwa kazi ambazo ordinatere inaweza kufanya. Hapa iitwe mkalimani, maana kazi yake ni hiyo.

Mpala inajua habari za wakalimani tangu zamani. Emile Storms alipovuka ziwa kutoka Karema na kujenga ngome hapa mwaka 1883, na Mapadri Weupe walipoichukua mwaka 1885, wageni walihitaji watu wa kuwafasiria maneno ya wenyeji. Kila mzee anaelewa hatari iliyomo. Mkalimani akiwa mwaminifu, mazungumzo yanakwenda. Akikosea neno moja, shamba linahesabiwa kuwa la mwingine. Akiamua kudai malipo mapya katikati ya kikao, pande zote mbili zinabaki zikitazamana.

Mkalimani wa Java alitengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani na kuonyeshwa kwa watu mwaka 1995. Sun waliahidi kwamba programu ikiandikwa mara moja itakwenda kwenye mashini yoyote. Kumpata mkalimani huyo hakukuwa na bei, ila maandishi ya ndani yake yalifungwa. Watu walimtumia bila kuwa na haki ya kumfungua, kumrekebisha au kumgawa watakavyo. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun, na mkalimani akapata bwana mwingine.

Bwana huyo alibadili masharti. Kuanzia mwaka 2019, masahihisho mapya ya Java 8, toleo lililokuwa limeenea kila mahali, hayakutolewa tena bure kwa kazi za biashara. Leseni mpya ilimruhusu mtu binafsi kwa matumizi yake, na mtengeneza programu anayejaribu. Ofisi inayofanya kazi yake ya kila siku ilitakiwa kulipa. Januari 2023 ikatoka orodha nyingine ya bei: dola 15 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa shirika lenye wafanyakazi chini ya 1000. Wanaohesabiwa ni wafanyakazi wote, siyo wale tu wanaogusa Java. Mwenye kazi ya muda anahesabiwa, na mtu wa kandarasi anayesaidia shughuli za ndani anahesabiwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Shirika lenye watu 40, pamoja na mlinzi wa lango, dereva, mpishi na mama wa kufagia, likiingia katika mkataba huo litalipa dola 600 kwa mwezi, yaani dola 7200 kwa mwaka, hata kama Java inakwenda kwenye ordinatere moja tu katika chumba kimoja. Mlinzi asiyejua Java ni kitu gani anahesabiwa kichwa chake. Fedha hizo zikitoka kwenye mfuko wa mradi, zinatoka kwenye maharage na blanketi. Shirika lisipolipa lina njia mbili mbaya: kukaa na mkalimani wa zamani asiyepata masahihisho, au kuvunja mkataba na kuomba Mungu asije mkaguzi.

Haki itendeke kwa Oracle pia. Mwaka 2021 ilifungua tena mlango kidogo: Java 17 ilitolewa kwa leseni isiyo na malipo hata kwa kazi za ofisi, lakini kwa muda tu, na matoleo makubwa yaliyofuata yalitolewa kwa mtindo huohuo. Tena Oracle yenyewe inatoa nakala ya wazi ya mkalimani huyo. Hakuna anayesema kampuni imeiba. Kinachosemwa ni kwamba kampuni iliyofunga mlango mwaka 2019, ikaufungua kidogo 2021, ikapandisha bei 2023, ni mwenye nyumba anayefanya apendavyo katika nyumba yake. Ana haki hiyo. Kosa ni la wanaohamishia majina ya wahamaji katika nyumba yake bila kuwa na ufunguo.

Aliyeshika mtihani

Njia nyingine ipo, na si mpya. Tangu miaka ya 1990 watu walikuwa wakitengeneza wakalimani wa Java wa wazi, kwa majina kama Kaffe na GNU Classpath. Mkalimani wa wazi ni yule ambaye maandishi yake yanasomwa na yeyote, na kila mtu ana ruhusa ya kumtumia, kumrekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 2004 Mmarekani Richard Stallman aliwaonya waandishi wa programu huria kwamba Java ni mtego: unaandika programu yako iwe huru, halafu inakuta haiwezi kwenda bila kitu cha bwana mmoja. Dawa aliyopendekeza ilikuwa ya kazi na siyo ya maneno. Aliwaambia wazitengeneze programu zao juu ya wakalimani wa wazi tangu mwanzo, wapate kujua mapema ni wapi zinakwama.

Mwezi wa 11 mwaka 2006 Sun ilitangaza kwamba itaifungua Java, na mwaka 2007 ikazaliwa OpenJDK, mkalimani wa wazi aliyetoka kwenye maandishi yaleyale ya Sun. Kuna kisa hapo ambacho watu wa Mpala wanafaa kukishika. Sun ilikuwa na mtihani wa siri, mkusanyo mkubwa wa majaribio ya kuonyesha kama mkalimani anasema sawasawa. Asiyeupita hakuruhusiwa kujiita Java. Shirika la Apache lilikuwa limeanza kutengeneza mkalimani wake mwaka 2005, aliyeitwa Harmony. Likaomba mtihani huo. Sun ikakubali kuutoa kwa masharti ya kubana mahali ambapo mkalimani huyo angetumika. Apache ikakataa masharti, mabishano yakaendelea miaka, na mwaka 2011 Harmony ikafungwa. OpenJDK ilipata njia ya kuupata mtihani, na mwezi wa 6 mwaka 2008 nakala yake iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux ya Fedora ikaupita.

Harmony hakufa kwa kukosa akili. Alikufa kwa sababu mtihani ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Basi jamii ambayo haina majaribio yake yenyewe itaendelea kupokea matokeo ya wengine: «Imepimwa Ulaya, inaenda vizuri.» Imepimwa kwa majina ya nani, kwa umeme gani, kwa saa za wapi?

Majirani wamekwisha kuanza

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Hapana. OpenMRS, programu huria ya kuchunga habari za wagonjwa, imeandikwa kwa Java. Ilianza mwaka 2004 kwa ajili ya hospitali ya Eldoret, Kenya, ikaanza kazi huko 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda. DHIS2, inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na nchi nyingi za kusini, nayo ni ya Java. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Kongo pia inaitumia katika wizara ya afya. Ripoti ambayo muuguzi mkuu wa kituo anajaza kila mwezi, yenye hesabu za malaria, uzazi na chanjo, inaingizwa humo kwenye ofisi kuu ya zone ya afya.

Miongozo ya DHIS2 inawaelekeza mafundi waweke OpenJDK. Serikali isiyo na fedha inaweza kuwa na hesabu za afya za nchi nzima juu ya mkalimani wa wazi. Basi shirika lenye magari matatu na makao Ulaya likisema haliwezi, linasema halikujaribu.

Majibu mawili ya uvivu

Jibu la kwanza ni kwamba cha bure hakina nguvu. Wanaosema hivyo hawajui kwamba tangu Java 11, iliyotoka mwaka 2018, mkalimani wa Oracle na yule wa OpenJDK wanatoka karibu kabisa katika maandishi yaleyale, na Oracle yenyewe imesema hivyo. Unacholipia ni leseni na watu wa kukusaidia, akili ya mkalimani ni ileile. Amazon inatoa nakala yake ya wazi iitwayo Corretto. Shirika la Eclipse linatoa Temurin, na linatoa pia majaribio yake hadharani, kila mtu ayaone. Hayo siyo makampuni ya kuokoteza vitu dampo.

Jibu la pili ni baya zaidi kwa sababu linatoka kwa wanaojidai kupenda uwazi: «Ni yaleyale tu, badilisha, hakuna haja ya kupima.» Hao ndio watakaowaletea wahamaji hasara kwa jina la uhuru. Ukitoka kwa mkalimani mmoja kwenda kwa mwingine, au toleo moja kwenda lingine, au Windows kwenda Linux, kuna mahali panapojulikana ambapo mguu unateleza.

Pa kwanza ni herufi. Kabla ya Java 18, iliyotoka mwezi wa 3 mwaka 2022, mkalimani alifuata desturi ya mashini aliyoikuta katika kuandika herufi zenye alama. Windows ya Kifaransa ilikuwa na desturi yake na Linux yake. Jina «Célestin» lililoandikwa huku na kusomwa kule linaweza kutokea «CÃ©lestin». Ajenti akitafuta Célestin, hamwoni. Mashini imekataa.

Pa pili ni hesabu. Mfaransa anaandika elfu moja mia mbili hamsini kwa nafasi katikati: 1 250. Kuanzia Java 13, ya mwaka 2019, nafasi hiyo katika Kifaransa ikabadilishwa kuwa nafasi nyembamba ya namna nyingine. Jicho la mtu halioni tofauti. Programu iliyoandikwa kwa kutegemea nafasi ya zamani inaweza kusoma 1 na kuacha 250. Kilo 1 250 za unga zinakuwa kilo moja kwenye ripoti.

Pa tatu ni karatasi. Oracle Java 8 ilikuja na fonti zake ndani, yaani sura za herufi za kuchapa. OpenJDK 8 ilitegemea zile za mashini yenyewe. Kwenye seva ya Linux isiyowekwa fonti, programu inaenda vizuri siku nzima, halafu inaanguka saa ya kuchapa listi na kadi.

Pa nne ni vyeti. Mkalimani akitaka kuzungumza na seva ya mbali kwa usalama, anahitaji orodha ya vyeti vya kuaminika ili ajue kama anayezungumza naye ndiye kweli. Kabla ya Java 10, ya mwaka 2018, OpenJDK ilitoka na orodha tupu, mpaka fundi au watengenezaji wa Linux waijaze. Isipojazwa, ripoti haitoki Mpala.

Pa tano ni saa, na hili ni la Wakongo peke yao. Kinshasa na Kalemie hazina saa moja. Kalemie inakwenda na saa za Lubumbashi, moja mbele ya Kinshasa. Mtoto akizaliwa Mpala saa sita na nusu usiku, tarehe 1 ya mwezi, Kinshasa bado ni saa tano na nusu ya usiku wa mwezi uliopita. Mkalimani aliyewekwa kwa saa za Kinshasa anaweza kumwandika mtoto huyo katika siku nyingine na mwezi mwingine. Ikiwa ni tarehe 1 Januari, anamwandika katika mwaka mwingine. Cheti kinasema hivi na mashini inasema vile, na mbele ya ofisi mama ndiye anayeonekana mwongo.

Mengi ya haya hayatokani na ubaya wa mkalimani wa wazi. Yanatokana na kuhama. Watu waliohama wanajua kwamba ukihama usiku bila kuhesabu watoto, asubuhi mmoja hayupo.

Mtihani wa Mpala

Kupima hakuhitaji chuo kikuu. Kunahitaji ordinatere mbili, hata kuukuu, jenereta yenye mazutu au plake za jua, na watu wawili wavumilivu.

Kwanza, programu iwekwe kwenye mashini zote mbili, moja na mkalimani wa zamani, nyingine na wa wazi. Ziandikwe familia 50 za kubuni. Za kubuni, kwa sababu majina ya kweli ya watu waliokimbia silaha si kitu cha kuchezea majaribio. Katika hizo 50 pawe na majina yenye alama kama Aimée, majina yenye king'ong'o kama Ng'oma, watu wawili wenye jina moja kutoka vijiji viwili, mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, mtoto mwenye jina moja tu, na mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku tarehe 1.

Pili, yaulizwe maswali yaleyale kwenye mashini zote mbili. Watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi? Kilo za unga ni ngapi kwa jumla? Listi zichapwe kwenye karatasi, zilazwe mezani, mtu mmoja asome, mwingine afuate kwa kidole, mstari kwa mstari.

Tatu, umeme ukatwe katikati ya kazi, kama unavyokatika kila siku. Ukirudi, familia zihesabiwe tena. Nne, ripoti itumwe kwa simu mtandao ukiwa hafifu. Tano, mashini iachwe ikifanya kazi toka asubuhi mpaka jioni, ionekane kama inachoka.

Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwe kwenye mlango wa ofisi: kilichopita, kilichoanguka, kilichorekebishwa na tarehe. Toleo jipya likija, mtihani urudiwe. Masahihisho ya Java yanatoka kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, hivyo hata kalenda ipo.

Na hapa mkalimani wa wazi anashinda kwa jambo ambalo mtu wa Ulaya hawezi kulifikiria haraka. Intaneti ya Mpala ni haba. Leseni ya OpenJDK inaruhusu kunakili na kugawa. Fundi mmoja wa Kalemie anaweza kupakua masahihisho mara moja, kuyatia kwenye flashi, kuyapeleka kwa boti, na kuyaweka kwenye mashini kumi za mashirika kumi, bila kumwomba mtu ruhusa. Leseni ya bwana ya mwaka 2019 haimpi haki hiyo ya kugawa.

Uwazi peke yake hautoshi

Asije mtu akasema polemiki hii inahubiri dini ya programu huria. Desemba 2021 lilionekana shimo kubwa katika Log4j, kifaa cha wazi kinachotumiwa na programu nyingi mno za Java duniani. Kilikuwa wazi, watu wote wangeweza kukisoma, na shimo lilikaa humo miaka. Tofauti ilikuwa kwamba dawa ilipotoka, hakuna aliyeambiwa alipe kwanza.

Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515 000. Wengi wao walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamaji na maafa, watu wa namna ileile ya wanaosimama mstari hapa. Wezi walipita kwenye tundu lililokuwa na kiraka tayari, ila kiraka hakikuwekwa kwa wakati. Kisa hicho hakikuwa cha leseni ya mkalimani. Kinaonyesha tu bei ya masahihisho yanayochelewa, kwa sababu yoyote ile. Shirika likichelewa kwa uvivu, litubu. Likichelewa kwa sababu leseni imeisha na bajeti haina kitu, basi lilijitega lenyewe siku liliposaini.

Wenye njaa na ordinatere

Jibu la mwisho linalotolewa ili kufunga mdomo ni hili: watu wana njaa, na wewe unazungumza habari za ordinatere. Linasikika kama huruma. Lakini njaa ya leo inapita kwenye listi, na listi inapita kwenye mashini. Asiye kwenye listi hali. Mapadri wa zamani waliandika ubatizo kwa wino katika vitabu vinene, na yeyote aliyejua kusoma aliweza kufungua ukurasa bila kuomba leseni. Kitabu kililiwa na mchwa, ndiyo, lakini hakikudai dola kwa kichwa. Ikiwa leo kitabu kimetupwa na mashini imeletwa, mashini isiwe mbaya kuliko kitabu.

Wengine watasema uamuzi unafanyika Kinshasa au Geneva, na Mpala haina sauti. Sauti ipo mahali pamoja: kwenye kikao cha kwanza, kabla ya jina la kwanza kuandikwa. Hapo kamati ya wahamaji, chefu wa kijiji na muuguzi mkuu waulize maswali manne, na wasikubali jibu la «tutawajulisha».

Programu hii inaenda juu ya mkalimani gani, na leseni yake inasema nini mradi ukiisha? Imepimwa juu ya mkalimani wa wazi, ndiyo au hapana? Imepimwa kwa majina ya hapa na kwa saa za Lubumbashi, na karatasi ya matokeo iko wapi? Mashini ikikataa, nani anaitwa, na mama anapewa unga kwa daftari gani wakati anangoja?

Shirika lenye majibu litayatoa kwa dakika kumi. Lisilo nayo lirudi Kalemie kuyatafuta, na familia ziendelee kuandikwa kwa kalamu mpaka litakaporudi.